QT (mtihani wa maarifa) nikiwa na miaka 39, jina la shuleni na la NIDA hayafanani. Nianzie wapi?

Ng'oto_Lemayian:

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu.

Naandika kutoka Longido, upande wa Engarenaibor. Simu ina chaji asilimia kumi na moja, kwa hiyo nikikatika mjue sola imeishiwa, sijawakimbia.

Mimi ni Mmaasai, mke wa pili, mama wa watoto watano. Kwa NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, nina miaka 39. Kwa cheti cha darasa la saba nina 37. Kwa mama yangu nilizaliwa mwaka ambao ndama walikufa sana, na miaka ya namna hiyo huku kwetu ni mingi, kwa hiyo chagueni wenyewe.

Nilimaliza la saba mwaka 2001, Longido ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Monduli. Nilifeli, lakini naomba niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayenijua: niliambiwa nifeli. Baba alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mwanzo wa mahari. Usiku wa kuamkia mtihani aliniita nyuma ya zizi akasema, ukifaulu utatuletea serikali nyumbani. Basi Hisabati nikaandika majibu ya ajabu ajabu, Maarifa vivyo hivyo. Kiswahili nikashindwa kukiharibu. Nilisoma ile habari ya ufahamu, ikanipendeza, mkono ukaandika wenyewe. Baadaye mwalimu mmoja aliniuliza, wewe binti, kwenye Kiswahili ulikuwa macho, kwingine ulilala? Nikatazama chini. Mvua za masika zilinikuta nipo kwenye boma la mume.

Kwa nini sasa? Ule ukame wa 2022 ulitumaliza. Zizi ambalo zamani ulikuwa unasikia kelele zake kabla hujaliona, sasa unalifikia ndiyo unajua lipo. Mume akaenda Dar, ni mlinzi kwenye nyumba za watu. Mimi kwa miaka mingi ndiye ninayesindikiza wajawazito zahanati, nawakumbusha kliniki, nawasomea kadi. Zilipokuja nafasi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii nikaenda na moyo mweupe. Wakataka cheti cha kidato cha nne. Nafasi akapewa binti mmoja mzuri tu, sina ugomvi naye, ila Kimaasai hajui hata salamu. Akiingia kwenye boma anahitaji mtu wa kumtafsiria. Mtu huyo ni mimi. Yeye ana fulana na posho, mimi nina mdomo.

Siku moja tukiwa njiani, bila nia mbaya, aliniuliza: "Mama, kwani wewe uliishia la ngapi?" Nililala na swali hilo wiki nzima.

Nimesikia kuna QT, unafanya masomo ya kidato cha kwanza na cha pili kwa mkupuo, ukifaulu unajisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shida yangu ya kwanza ni jina. Siku ya kuanza la kwanza mwalimu alisema Nalotuesha ni refu, akaandika Neema. Cheti changu ni cha Neema. NIDA ni Nalotuesha, na mwisho wamebandika Laizer, ukoo ambao shuleni haukuandikwa. Kadi ya mpiga kura ina jina la mume. Yaani mimi ni wanawake watatu na hakuna hata mmoja mwenye cheti cha kidato cha nne.

Shida ya pili, Kiingereza. Nyumbani ni Kimaasai, Kiswahili nimekipata shuleni na mnadani, Kiingereza nilikiacha kwenye "good morning teacher". Ya tatu ni shemeji yangu, ambaye mume akiwa Dar yeye ndiye mwenye sauti bomani.

Nauliza kwa wale waliopita njia hii, hasa akina mama wa jamii zetu za wafugaji. Anayetaka kunihubiria elimu ni ufunguo, huo ufunguo nimeusikia tangu la kwanza. Nataka kujua kitasa kilipo.

---

Kijana_wa_Ngaramtoni:

Dada mkubwa pole, ila nitasema ambacho wengine wataogopa. Piga hesabu. QT ukijisajili mwakani, form four mwaka unaofuata au wa baadaye, hapo hujaanguka hata mara moja. Chuo tena. Unafika 44. Matangazo ya ajira za serikali mengi yanaandika umri usizidi 45. Hiyo nauli na ada nunua mbuzi jike watano, baada ya miaka minne unazungumza mengine.

Lakini ukikomaa na shule, basi tumia kile cheti cha 37. Umepewa miaka miwili ya bure, unairudisha ya nini?

---

Mwl_Mstaafu_Monduli:

Marahaba binti yangu. Na wewe kijana wa Ngaramtoni, acha kumfundisha mama wa watu kudanganya umri. Siku hizi karibu kila ofisi inaangalia namba ya NIDA kwanza. Tarehe mbili za kuzaliwa kwa mtu mmoja ni shimo, na siku utakayoanguka ni ile uliyokaribia kupata.

Nimefanya kazi ya elimu ya watu wazima tangu enzi za kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mimi nilikuwa kijana mdogo nikimshikia baba taa ya chemli akifundisha bibi na babu chini ya mti. Baadaye ikaja Operesheni Imparnati, wafugaji wakakusanywa vijijini, na madarasa ya kisomo yakafuata. Wanawake wa Kimaasai walikuwa wanakuja na vibuyu vya maziwa, wanakaa, wanaandika kwa kidole mchangani. Wengi waliishia kujua kuandika jina. Sisemi hivyo kwa kudharau. Kuna bibi mmoja jina hilo lilimwokolea shamba, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Turudi kwako. Kwanza jina, kabla hujanunua hata daftari. Nenda kwa wakili au mahakamani ukaape hati ya kiapo, useme kwamba Neema wa cheti cha la saba na Nalotuesha wa NIDA ni mtu mmoja. Beba cheti halisi, kitambulisho, na barua ya mtendaji wa kijiji. Jina utakalojisajilia QT chagua kwa akili, kwa sababu ndilo litakalokufuata mpaka kwenye cheti cha kidato cha nne, na cheti kikishachapwa usitegemee kukibadilisha jina. Mimi ningefuata la NIDA. Ila kabla hujalipa, mwonyeshe msimamizi wa kituo karatasi zote, akutamkie kwa kinywa chake kwamba zinakubalika.

Kama cheti kimeliwa na mchwa, usihangaike halmashauri ya Longido peke yake. Longido imekuwa wilaya mwaka 2007. Wewe umemaliza 2001, kwa hiyo kumbukumbu zako zinaweza kuwa Monduli. Nimeona watu wakizungushwa miezi kwa kukosa kujua hilo tu.

Pili, usichanganye milango. Ile programu ya bure ya njia mbadala unayoisikia redioni ni ya mabinti waliokatishwa sekondari, umri wako umepita. Wewe mlango wako ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ipo kisheria tangu 1975. Wana sekondari ya njia mbadala ya hatua mbili: ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, ya pili ni cha tatu na cha nne. Vipo pia vituo vya watu binafsi, vingine vizuri, vingine ni meza na risiti. Ukifika uliza wangapi walifaulu mwaka jana. Akianza kukuonyesha jengo, ondoka.

Ukiwa na mtoto anayenyonya, ulizia pia vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vipo 54 nchi nzima, na baadhi vina chekechea humo humo, mama yuko darasani, mwana yuko chumba cha pili.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa faini. Mtihani wenyewe ni Novemba, pamoja na kidato cha nne. Kwa hiyo ukianza kusoma sasa una mwaka mzima.

---

Koko_wa_Terrat:

Takwenya, Nalotuesha.

(Najua umeitikia iko, kama Mmaasai anavyoitikia salamu hiyo.)

Mimi nipo Simanjiro. Nilianza QT nikiwa na miaka 43, mwaka 2017. Nilikuwa mtunza hazina wa VICOBA chetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Mtunza hazina jina tu, maana daftari alikuwa anaandika mwanangu wa tatu. Alipokwenda kutafuta maisha Mererani, daftari likawa bubu. Wanawake thelathini wananitazama, sanduku lina kufuli tatu, na mimi sijui nani anadaiwa nini. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, kwamba labda nimekula. Hiyo ndiyo iliyonipeleka shule. Wengine huitwa na ndoto. Mimi niliitwa na aibu.

Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la pembejeo. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe mpaka leo inanikumbusha Uraia. Tulikuwa bodaboda watatu, mhudumu wa baa, dada mmoja fundi cherehani, mimi, na morani wawili wa rika la mwanangu mkubwa. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko mtoto wangu wa tatu na alikuwa ananiogopa. Kila nikikosea anasema "karibu sawa, mama". Nikamwambia mwanangu, ukiendelea kunipa karibu sawa nitafeli kwa heshima. Akaanza kunikosoa kama wengine.

Wale morani sasa. Unajua morani hali mbele ya mke wa mtu. Saa ya chai wanachukua chapati zao wanazunguka nyuma ya ukuta, jua la saa nne linawachoma, wanarudi wamechelewa. Wiki ya pili nikaona hapana, watoto wanakosa somo kwa ajili yangu. Nikawa natoka mimi, nakaa kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe, nasoma. Hizo dakika ishirini za kila siku ndizo zilizonifundisha Historia yote. Waliokuja kunisaidia Hisabati ni haohao.

Hisabati usiiogope, ila usitegemee ikupende. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, wanatazamwa. Mume wangu anasimama mlangoni mwa zizi jioni, anajua ni yule mwenye doa la shavuni hajarudi, hajui ni ng'ombe wangapi. Nimekulia hivyo. Kwa hiyo nikiona 347 kutoa 189 kichwa changu kinatafuta rangi. Asilimia nilizielewa siku mwalimu alipoacha kitabu akaniuliza riba ya VICOBA. Bado nilipata F. Haikuniua.

Biolojia ndiyo nitakayokuambia usiache. Siku tuliyochora tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne, mwalimu alikariri majina manne ya Kiingereza, bodaboda wanalia. Mimi tumbo hilo nimelisafisha tangu nina miaka saba, najua kipi kina vijumba kama vya nyuki na kipi kina kurasa kama kitabu. Nilichokosa ni majina tu, na majina ni kazi ya wiki moja. Wewe umesindikiza wajawazito miaka yote hiyo. Mada ya uzazi itakuwa kama umekutana na mtu wa kwenu mjini.

Kiingereza ndicho kilichoniangusha mwaka wa kwanza. Majibu nilikuwa nayo, swali silielewi. Mwaka wa pili nikabadilisha. Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe, nimeipaka mavi ya ng'ombe kwa mikono yangu, nikaona ukuta wa nje wa upande wa kivuli ni ubao tosha. Nikawa naandika kwa chokaa: neno la Kiingereza, la Kiswahili, la Kimaasai. Maneno kumi kwa siku. Nikikamua nasoma, nikipasua kuni nasoma. Wajukuu wakayajua kabla yangu. Masika yalipokuja mvua ilipiga upande huo, usanisinuru wote ukaondoka usiku mmoja. Nikapaka upya nikaanza tena, na nadhani ile mara ya pili ndiyo iliyoingia.

Maneno ya kuanza nayo ni ya maswali yenyewe: eleza, taja, linganisha, toa sababu, fafanua. Yatafute kwa Kiingereza uyajue kama majina ya watoto wako. Nilipoteza alama nyingi kwa kueleza nilipoambiwa nitaje.

QT nikafaulu 2018. Kidato cha nne 2020, daraja la nne. Kwa vigezo vya hapa mjini ni cheti cha kuficha. Mimi nilikitia kwenye fremu. D nne zinakuingiza chuo ngazi ya cheti, nikasoma maendeleo ya jamii. Kijana wa Ngaramtoni, nilimaliza nimevuka hiyo 45 yako na serikali haijaniajiri. Ni kweli. Lakini daftari la VICOBA naandika mwenyewe, na mashirika yakija na miradi yao ya wafugaji hawamtafuti tena mkalimani, wananitafuta mimi na wananilipa. Mbuzi watano ninao pia.

La shemeji. Usimuulize "naweza kwenda shule?" Swali hilo jibu lake ni ndiyo au hapana, na hapana ni rahisi kutamka. Nenda na swali la kazi: "Jumanne na Alhamisi punda watakwenda na nani kuchota maji?" Hapo mnazungumza ratiba, hamzungumzi ruhusa. Mume mpigie simu wewe kabla hajasikia kwa mtu. Na mke mwenzio umemwambia? Kwangu mke mdogo ndiye aliyebeba. Siku zangu za darasa alikuwa anakamua mbuzi wangu na maziwa hakuyagusa. Nikiwa na hela nilimnunulia shanga, nisipokuwa nayo nilimfulia.

---

Nasieku_Kajiado:

Salamu kutoka ng'ambo ya Namanga. Huku kwetu kulikuwa na Gogo Priscilla Sitienei wa Ndalat, Mnandi. Alikuwa mkunga kwa miaka zaidi ya sitini. Mwaka 2015, akiwa na miaka 90, alikuwa darasa la nne katika shule ya msingi, anavaa sare, analala bweni na wasichana. Wanafunzi wengine alikuwa amewazalisha yeye mwenyewe. Mwanzoni shule ilimkatalia, akakazana. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba alitaka kuyaandika maarifa yake ya ukunga na dawa za mitishamba yasipotee. Alifariki Novemba 2022 akikaribia miaka mia, na alikuwa bado anasoma.

Nakumbusha tu kwa yule aliyepiga hesabu ya 45.

Mimi mwenyewe nilirudi nikiwa na 31 baada ya watoto watatu. Kitu kimoja hakuna aliyeniambia: utachukiwa kidogo na wanawake wenzako. Si wote. Wale ambao baba zao pia waliwaambia wafeli. Ukiwaona wananuna usijibu, wanahesabu miaka yao.

---

Kijana_wa_Ngaramtoni:

Sawa, nimeshambuliwa na makoko (mabibi) wawili kwa siku moja. Nanyanyua mikono. Ila swali la gharama bado ni halali, watu wanaandika humu kama vile nauli inaota.

---

Koko_wa_Terrat:

Ni halali. Niliuza mbuzi dume mmoja kwa kila mwaka wa mtihani, na vitabu niliazima kwa binti wa jirani aliyekuwa shule ya kata. Alikuwa anavipata vya shule, mimi navisoma usiku, asubuhi anaondoka navyo. Kilichonigharimu zaidi ni nauli na tochi.

---

Ng'oto_Lemayian:

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Mwalimu, ulisema kweli kuhusu Monduli. Cheti changu ninacho ila kona ya mhuri imeliwa, wakataka uthibitisho, na kitabu cha majina kilipatikana huko. Nilimkuta mzee mmoja ana madaftari ya shule zote za zamani, anayafungua polepole kama anafungua mtu kidonda. Akanionyesha. Neema, msichana, na mbele yake alama za mtihani kwa kalamu ya bluu. Zile nilizoziharibu zipo hivyo hivyo nilivyozitaka. Kiswahili kipo juu peke yake. Mzee akasema, hapa palitokea nini? Safari hii sikutazama chini. Nikamwambia.

Kiapo nimeapa. Aliyeniapisha aliuliza jina langu la kweli ni lipi kati ya hayo. Nikasema yote nimeitikia. Hakucheka. Ila karatasi imetoka na ina mhuri, na QT nitajisajili Nalotuesha. Msimamizi wa kituo ameziona karatasi, amekubali. Mwalimu, nilimuuliza wangapi walifaulu mwaka jana, akasema tisa kati ya kumi na saba na hakunionyesha jengo. Jengo lenyewe halina mlango.

Shemeji. Koko, nilikwenda na la punda kama ulivyosema. Akanyamaza muda mrefu, akauliza, Jumanne na Alhamisi tu? Nikasema Jumanne na Alhamisi. Akasema punda mmoja ana kidonda mgongoni, asibebeshwe. Nimeichukua hiyo kuwa ndiyo.

Mume nilimpigia kabla. Aliuliza kama nikimaliza nitaweza kumsomea mkataba wake wa kazi, kwa sababu umeandikwa Kiingereza na alitia dole gumba bila kujua anatia wapi. Hakuwahi kuniambia hilo kabla. Alinitumia elfu ishirini siku hiyohiyo.

Mke mkubwa sikuwa nimemwambia, nilidhani atakuwa wa kwanza kukataa. Hajawahi kukanyaga darasa. Nikamkuta ukutani, ukuta wangu, ule niliouandika maneno kumi ya mwanzo kama ulivyofundisha. Anafuatisha herufi kwa kidole. Akasema, hili la pili limefanana na lililo kwenye chupa ya dawa ya mbuzi, linasema nini? Nikamwambia ni "taja". Akasema basi si lenyewe. Akaenda kuleta chupa. Tukakaa pale mpaka giza. Kumbe kipimo tulichokuwa tunawapa wana-mbuzi kilikuwa cha ng'ombe.

Sasa ananiuliza kila jioni kama nimeshaandika mengine. Nikisema nimechoka ananitazama tu.

Yule binti wa afya naye nimemwambia. Ameleta vitabu vyake vya kidato cha kwanza na cha pili, amenikabidhi kwa mikono miwili. Tumekubaliana: mimi namfundisha salamu na maneno ya kliniki kwa Kimaasai, yeye ananifundisha Kiingereza njiani. Jana alimsalimia koko mmoja akaitikiwa, akafurahi karibu aanguke.

Swali moja la kijinga, najua ni mapema. Kalamu ya mtihani ni rangi gani? Duka letu limebakiwa na nyekundu tu na mwenye duka anasema nyingine haziji mpaka mnada ujao. Nataka nianze kuzoea ileile.

---

Mwl_Mstaafu_Monduli:

Bluu au nyeusi. Nyekundu ni yetu walimu, iache dukani. Nikipata gari la kwenda Longido Ijumaa nitakupatia pakiti, uliza kwa wakala wa mabasi, zitakuwa kwa jina la Nalotuesha.